Mafuta ya Bangi Yaliyochujwa: Je, Kusafika Ndiko Kuhalalika?

 

Tumeletewa swali na mmoja wa ndugu zetu wa pwani hii ambaye hivi sasa anakaa Marekani, katika jimbo la Colorado, ambako sheria ya jimbo imeruhusu bangi iuzwe madukani tangu tarehe 1 Januari 2014. Asema kwamba wenzake anaokaa nao hutengeneza nyumbani mafuta mazito ya bangi, kisha huyatoa nta na dawa ya kuyeyushia mpaka yakawa meupe na kung'ara kama asali. Nao wamemwambia kuwa lililoharamishwa katika bangi ni moshi na uchafu wake, na kwa kuwa uchafu umekwisha kuondoka, kilichobaki hakina neno. Atuuliza: je, hoja hii ina msingi?

Swali hili twaliona ni la haki, wala hatutalijibu kwa kelele. Wako miongoni mwetu ambao wakiulizwa jambo kama hili hupiga meza wakasema "Haramu!" na mazungumzo yakaishia hapo; naye kijana huondoka kama alivyokuja, na hoja ya wenzake ingali kichwani mwake haikujibiwa. Hukumu ya kitu hufuata kukijua kitu chenyewe. Kwa hivyo natuanze na hayo mafuta.

Maua ya bangi yana vinywele vidogo mno, na katika vichwa vya vinywele hivyo mna utomvu unaonata. Humo ndimo kilimo kile kiini kinacholevya, ambacho wataalamu hukiita tetrahidrokanabinoli, na ambacho Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni walikitenga na kukijua umbo lake mwaka 1964. Kiini hiki hakiyeyuki vizuri katika maji, bali huyeyuka katika mafuta, katika spiriti, na katika gesi ya butani, ile itiwayo katika viberiti vya gesi. Basi watengenezaji huupitisha mmea katika kimojawapo cha viyeyushi hivyo ili kichukue utomvu. Lakini kiyeyushi hakichagui. Huchukua pia nta, ambayo Mwenyezi Mungu ameupaka mmea ili majani yasikaushwe na jua, na huchukua rangi ya kijani na mafuta mengineyo. Ndipo wakatafuta kusafisha: huyayeyusha tena katika spiriti na kuyatia baridini, nta ikaganda kama mafuta ya nazi yagandavyo asubuhi za kipupwe, wakaichuja, kisha hukifukuza kiyeyushi kwa joto la polepole, na wenye vyombo hutumia pampu ya kuvuta hewa.

Sasa natutazame ni nini kilichoondoka. Imeondoka nta, ambayo haikupata kumlevya mtu. Kimeondoka kiyeyushi, ambacho kilitiwa na mkono wa mwanadamu wala hakikuwamo tangu hapo. Kilichobaki ni kile kile ambacho kwa ajili yake bangi ilikatazwa, tena kimekusanywa pahali pamoja. Aliyekuwa akivuta majani yenye kiini hicho sehemu 15 au 20 katika 100, sasa ameshika kitone chenye sehemu 60, au 80, na pengine kuzidi. Mwenye kusema kwamba kwa kusafishwa huku ulevi umetoka ni kama mtu aliyepepeta mchele, akatupa makapi, kisha akadai kuwa katika ungo hamna tena mchele.

Wenye kuonja fiqhi kidogo wataleta hoja ya siki. Watasema: pombe igeukapo siki huwa halali, mbona mafuta haya yasiwe hivyo? Twajibu kwamba pombe inapogeuka siki, ule ulevi wenyewe hutoweka, na kitu huwa kimekuwa kitu kingine. Tena katika madhehebu yetu ya Imam Shafi siki hiyo huwa tohara pale tu pombe ilipogeuka kwa nafsi yake. Ama iliyotiwa kitu ili igeuke haitohariki, ingawa madhehebu ya Imam Abu Hanifa yasema kinyume cha hivyo. Katika mafuta haya hakuna kilichogeuka kuelekea huko. Bali ukichungua utaona kuwa mageuko yaliyopo yaenda upande wa pili, kwani katika mmea mbichi sehemu kubwa ya kiini hicho iko katika sura ya asidi isiyolevya, na joto ndilo liigeuzalo asidi hiyo ikawa kilevi. Mfano wake, basi, si pombe iliyokuwa siki. Ni maji ya zabibu yaliyokuwa pombe.

Ni kweli kwamba wanavyuoni wa Kishafi wametofautisha baina ya kilevi cha maji na mmea: mmea wa bangi hawakuuhesabu kuwa najisi, na wako walioruhusu kiasi kichache chake kwa dawa. Lakini kutokuwa najisi ni jambo moja, na kuwa halali kutumiwa ni jambo jingine. Sumu ngapi zatoka mitini, nazo ni tohara, wala hakuna azilaye! Badru Din Zarkashi, mwanachuoni wa Kishafi wa Misri aliyefariki mwaka 794 Hijria, yaani 1392, aliandika risala nzima, Zahr al-Arish, juu ya kuharimishwa kwa hashishi. Na hashishi ni nini ila utomvu huu huu? Ama asemaye, "Mimi hutumia kitone tu, wala silewi," Mtume wetu (s.a.w.) amekwisha kuufunga mlango huo, alipofundisha kuwa kileweshacho kwa wingi wake, uchache wake pia ni haramu, nayo ni hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Na kitone cha mafuta haya ni kichache kwa macho tu.

Kwa upande wa dawa hatuna ugomvi na madaktari. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya namna mbili za kifafa kikali cha watoto, itokanayo na kiini kingine cha mmea huu kiitwacho kanabidioli, nacho hakilevyi. Hiyo si habari ya wenzake ndugu yetu.

Lipo jambo ambalo yeye hakutuuliza, nasi twaliona ni kubwa. Butani ni nzito kuliko hewa. Hulala sakafuni na kutambaa chini ya milango, na ikifika hata chini ya sehemu 2 katika 100 za hewa, cheche moja ya friji yatosha. Ndiyo maana katika Colorado hiyo hiyo, ambako bangi imeruhusiwa, nyumba ziliripuka na watu wakaungua nyuso na mikono, hata mwaka 2015 jimbo likapitisha sheria ya kumhesabu kuwa mkosaji mkubwa kila asiye na leseni atengenezaye mafuta haya kwa viyeyushi vya khatari. Kutia spiriti katika friji ya nyumbani ni khatari ya namna hiyo hiyo. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu. Na je, jirani aliyelala upande wa pili wa ukuta pamoja na watoto wake, ni nani aliyemwomba rukhsa?

Wala kung'ara kwa mafuta si ushahidi wa usalama. Mwaka 2019 ulizuka Marekani ugonjwa wa mapafu, na mpaka Februari 2020 wagonjwa 2,807 walikuwa wamehesabiwa na 68 wamekufa. Wengi wao walikuwa wakivuta mafuta ya bangi yaliyonunuliwa kwa njia za kificho, na yaliyoonekana kuhusika zaidi ni mafuta ya vitamini E ambayo wauzaji waliyachanganya humo. Kwa macho yalikuwa safi kabisa.

Na wasomaji wetu wa hapa Kenya wasidhani kwamba kuchuja kunabadilisha lolote mbele ya sheria ya nchi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 umeuhesabu utomvu wa bangi kuwa ni kitu kimoja, uwe ghafi au umesafishwa, na sheria ya Kenya ya mwaka 1994 yaukataza.

Ndugu yetu amemaliza kwa kuuliza afanyeje na mafuta waliyompa na vyombo alivyowaazima. Mafuta asiyauze wala asimpe mwingine. Abu Talha alipouliza juu ya pombe ya mayatima aliokuwa akiwalea, aliamriwa aimwage, ijapokuwa ilikuwa mali. Vyombo avioshe vizuri mpaka kunata na harufu viondoke, kisha avitumie, havina neno. Na mikebe ya gesi, hata iliyokwisha, aitoe nyumbani leo hii, wala asiitupe penye moto.