Jiwe la Tatu

Wenye mibuni huku Mbozi wajua ya kuwa udongo mchachu hutulizwa kwa chokaa. Basi tuliokota mawe meupe matatu katika bonde la Songwe, tukayapima jikoni kwa ndimu, maana jiwe la chokaa likidondoshewa maji ya ndimu hutoa povu la hewa ya ukaa. Mawili yakatoa povu. La tatu likanyamaza. Majirani walikuwa wamekwisha kukata kuni za tanuri, nasi tulitamani kuwapa habari njema. Tukasema, "Ndimu ya mwisho haikuwa kali," tukalitupa lile la tatu.

Je, huo ni uongo? Hatukugeuza neno lolote. Walakini mwenye duka pale Tunduma akikagua mizani yake siku ile tu impunjapo yeye, nani atamwita mwaminifu? Nasi tulitafuta kosa katika jibu tusilolipenda. Yale mawili tuliyapokea bila kuyauliza kitu.

Usiku tukakumbuka ya kuwa hayo mawili tuliyabeba katika mfuko uliokuwa na majivu, na majivu nayo hutoa povu kwa ndimu. Tukayaosha, tukayapima tena pamoja na lile tulilolitupa. Likatoa povu moja tu. Kulipokucha tulikwenda kuwaambia wenye kuni.