Anayebeba Anadaiwa Nini?

Hebu tuanze na swali dogo la sebuleni, kisha tuone litatufikisha wapi. Una tangi la kioo la samaki. Limekaa dirishani, jua linalipiga, na unataka kulisogeza upande wa pili wa chumba. Hatua nne tu. Je, samaki hao wanakudai kitu?

Najua wapo watakaocheka. "Bwana wee, samaki wangu, tangi langu, sebule yangu. Deni linatoka wapi?"

Haya, tupige hesabu. Tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana wa 40 na kina cha maji cha 50 linabeba lita 200. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo hizo ni kilo 200: magunia mawili ya mahindi ya kilo mia mia, ndani ya vioo vilivyoshikwa na gundi tu. Ukilinyanyua limejaa, kioo kinapinda kidogo, gundi inaachia, mchezo umekwisha. Ndiyo maana mwenye akili huchomoa kwanza umeme wa pampu. Huchota maji kwenye ndoo safi ambazo hazijawahi kuona sabuni, huwaweka samaki humo na kuwafunika. Hutoa mawe. Kisha watu wawili hulibeba tangi tupu kwa kulishika chini, hadi kwenye meza imara iliyokaa sawasawa.

Hapo ndipo wengi huharibu. Tangi likishakuwa tupu, mkono unawasha kulisafisha. Maji ya zamani yanamwagwa, mawe yanasuguliwa, chujio linaoshwa bombani mpaka linang'aa. Siku chache baadaye samaki wanaelea tumbo juu. Kwa nini? Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kwenye chujio na juu ya mawe wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Klorini ya maji ya bomba inawaua bakteria hao, na kuwapata tena ni kazi ya wiki kadhaa. Kumbe ule "uchafu" ndio uliokuwa ukiwalinda! Chujio lilitakiwa likae limelowa kwenye maji yale yale ya tangi.

Sasa maadili. Aliyewaua samaki bila kujua, ana hatia? Mimi naona kutojua kuko kwa namna mbili. Kuna mtu ambaye hakuwa na njia yoyote ya kujua. Huyo tumwache. Na kuna ambaye hakuuliza, kwa sababu tu anachokibeba hakina mdomo. Huyo wa pili namhesabia kosa. Samaki hawezi kusema "subiri kwanza", basi kazi ya kuuliza inamwangukia mwenye mikono. Nguvu ya kubeba ndiyo inayozaa deni.

Mtu si samaki, yeye ana mdomo. Lakini je, huwa anaulizwa? Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na hadi 1976 mamilioni ya Watanzania walikuwa wamehamia vijiji vipya. Nia ilisemwa wazi: shule, zahanati, maji karibu. Sikatai, hayo ni mambo mazuri. Lakini huku Kagera mzee yeyote atakuambia kibanja ni nini: shamba la migomba linaloizunguka nyumba, lililolishwa samadi na majani makavu tangu enzi za babu. Nyumba unaweza kuijenga upya kwa msimu mmoja. Udongo wa kibanja haupakiwi kwenye lori. Anayemhamisha mwenye kibanja akaona amebeba kila kitu kwa sababu vyombo vyote vimefika, amefanana na yule wa chujio linalong'aa.

Na tusiishie kuilaumu serikali, maana zamu yetu inakuja. Kijana wa Ngara au Biharamulo akipata kazi Dar, jambo la kwanza ni kumchukua bibi toka Rulenge akapumzike mjini. Chumba kizuri, luninga, daktari karibu. Bibi ananyamaza, anakonda, na mjukuu anashangaa: "Mbona nimempa kila kitu?" Jirani wa kusalimiana naye asubuhi, jembe lake jepesi, lugha ya sokoni, vyote hivyo viliachwa Rulenge, kwa sababu machoni pa mjukuu havikuwa vitu.

Sisemi bibi asihamishwe. Wakati mwingine jua la dirishani linaua kweli. Nasema kabla ya kushika pembe ya tangi, uliza: huyu anaishi kwa nini, mbali na hiki ninachokiona? Na yeye, tofauti na samaki, akikujibu, msikilize, hata kama lori limeshawashwa.