Kifo Kilichomo Sufuriani

Sabato Mchana

*Soma kwa ajili ya somo la juma hili:* Kumbukumbu la Torati 22:8, 2 Samweli 4:4, 9:1-13, 2 Wafalme 4:38-41, Yohana 9:1-7, Yakobo 2:15, 16.

Mtoto analala akiwa mzima. Asubuhi anaamka, anataka kusimama, na miguu haimtii. Imekakamaa, magoti yanagongana, visigino havigusi chini. Hana homa, wala hakuanguka popote. Kwa kawaida, ndani ya siku chache ugonjwa umekwisha kufika mwisho wake: hauzidi, lakini pia hauondoki. Atatembea hivyo maisha yake yote, kwa ncha za vidole, pengine kwa fimbo. Wengine hawatembei tena.

Ugonjwa huu wa mishipa ya fahamu unaitwa konzo. Jina limetoka katika lugha ya Wayaka wa Kongo, nalo lina maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, kutokana na wagonjwa wa eneo la Kwango. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hauambukizwi. Chanzo chake kimo sufuriani.

Somo la juma hili linauliza swali la kale: mtu anapoumia bila yeyote kukusudia aumie, ni nani anayepaswa kujibu?

Jumapili: Njaa Katika Nchi

*Soma 2 Wafalme 4:38-41. Ni nini kilichofanya sumu iingie sufuriani?*

Palikuwa na njaa. Mtu mmoja alitoka kutafuta mboga, akakuta mmea wa porini, akachuma matunda yake na kuyakatakata ndani ya sufuria bila kuyajua. Hakuwa na nia mbaya. Njaa ndiyo iliyomfikisha kwenye mmea asioujua.

Konzo huingia kwa mlango huo huo. Muhogo mchungu huvumilia ukame, na wanyama waharibifu hawaupendi, kwa sababu ndani yake mna kitu kinachozaa sumu ya sianidi. Kina mama wamejua tangu zamani namna ya kuitoa. Kwingine huumenya na kuuloweka siku kadhaa hadi ulainike. Kwingine huuvundika, au huuanika juani muda mrefu, kisha huutwanga. Sumu kidogo inayosalia, mwili huishughulikia wenyewe kwa kutumia salfa inayotoka katika vyakula kama maharage, samaki na mayai.

Ukame ukija, mambo mawili hutokea pamoja. Sumu katika mizizi huongezeka, na maharage hukosekana. Nyumba yenye njaa haiwezi kungoja siku zote hizo. Muhogo hutayarishwa kwa haraka, ugali husongwa, na huliwa karibu mtupu, wiki baada ya wiki.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1981 katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, wakati wa ukame. Watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu. Hans Rosling, daktari kutoka Sweden aliyefanya kazi huko, alikuwa miongoni mwa waliochunguza. Tanzania nayo iliuona ugonjwa huu Tarime katika miaka ya 1980, na baadaye katika mikoa ya Mtwara na Ruvuma.

Jumatatu: Swali la Wanafunzi

*Soma Yohana 9:1-7. Wanafunzi walitaka kujua nini? Yesu alifanya nini?*

Walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, wanafunzi waliuliza dhambi ilikuwa ya nani: yake, au ya wazazi wake? Yesu alikataa majibu yote mawili. Kisha akatengeneza tope, akampaka macho, akamtuma kunawa.

Panapotokea ugonjwa usioeleweka, swali la wanafunzi hurudi upesi. Watu hutaja laana, hutaja uchawi, humtazama jirani kwa jicho baya. Waumini wengi wanaweza kulikataa jambo hilo bila shida. Lakini swali lile lina vazi jingine, safi zaidi, na huvaliwa hata na wanaopenda mafundisho ya afya: "Mama huyu hakuloweka muhogo inavyotakiwa. Angefuata kanuni, mtoto angekuwa mzima."

Maneno hayo yana ukweli, na bado yanaweza kuwa hukumu ya uongo. Ni kweli kwamba sumu ilipita mikononi mwake. Lakini mikono hiyo ilikuwa kati ya sumu isiyoonekana na mtoto aliyekuwa akilia njaa mbele yake. Tena yeye mwenyewe alikula ugali ule ule, na mara nyingi ni yeye anayepooza. Kanuni ya afya ilitolewa ili imlinde mtu. Ikigeuzwa kuwa fimbo ya kumpigia aliyekwisha kuanguka, imerudi kuwa swali lile ambalo Yesu alilikataa.

Jumanne: Ukuta wa Dari

*Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Kwa nini mwenye nyumba ana hatia, ilhali hakumsukuma mtu?*

Si ukame peke yake unaofupisha siku za kuloweka. Watafiti waliofanya kazi katika eneo la Bandundu, nchini Kongo, karibu na mwaka 1990 walieleza jambo la kushangaza. Barabara nzuri ilikuwa imefungua njia ya kwenda Kinshasa. Malori yakaja kununua muhogo, bei ikavutia, na vijijini watu wakaanza kuloweka kwa siku moja badala ya tatu. Fedha iliingia, na sumu ikabaki katika unga.

Ni nani wa kulaumiwa? Aliyejenga barabara alifanya jambo jema. Mchuuzi alinunua kwa haki. Mama alihitaji fedha ya sare na dawa. Hakuna aliyekusudia mabaya, na watoto walipooza.

Sheria ya Musa inalijua kosa la namna hii. Haiulizi kama mwenye nyumba alimsukuma mtu kutoka darini. Inauliza kama alijenga ukuta. Hatia iko kwa yule aliyeweza kuiona hatari mapema, akawa na uwezo wa kuizuia, asifanye kitu. Kwa hiyo lawama haiondoki. Inahama kutoka jikoni na kupanda kwa wenye dari. Serikali inayopanga kilimo, shirika linalogawa mbegu za muhogo, mfanyabiashara, zahanati, hata kanisa lenye wasomi ndani yake: kila mmoja ana dari yake. FAO na WHO waliweka kiwango cha miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga wa muhogo. Huo ni ukuta mzuri. Lakini ukuta ulioandikwa kwenye karatasi haumzuii mtu kuanguka mahali ambapo hakuna anayepima unga.

Jumatano: Leteni Unga

Elisha hakuuliza ni nani aliyechuma. Aliagiza unga, akautia sufuriani, watu wakala salama.

Katika konzo pia msaada mmojawapo umepatikana katika unga. Howard Bradbury, mwanasayansi wa Australia, na wenzake walionyesha njia rahisi. Unga wa muhogo huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba, na huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hutoka kama hewa, kisha unga hupikwa siku hiyo hiyo. Mwaka 2010 wanawake wa kijiji cha Kay Kalenda, Kongo, walifundishwa njia hiyo, na wagonjwa wapya wa konzo hawakuonekana kijijini.

Beseni, maji, mkeka na saa chache. Hata hivyo, tangu taarifa ya Trolli hadi Kay Kalenda ilipita zaidi ya miaka 70.

*Soma Yakobo 2:15, 16.* Ipo hatari hapa pia. Mtu anaweza kumfundisha mama njia ya unga, akaondoka akiwa ametua mzigo wote kichwani pake: "Alishaambiwa." Lakini maharage hayaoti kwa kufundishwa. Elimu bila kitoweo, bila kisima cha karibu na bila mbegu nyingine shambani, inakaribia sana ile baraka ya mdomo anayoikemea Yakobo.

Alhamisi: Mezani kwa Mfalme

*Soma 2 Samweli 4:4, 9:1-13.*

Mefiboshethi alikuwa na umri wa miaka mitano mlezi wake alipomchukua akikimbia, na kwa haraka ile akamwangusha. Akawa kiwete miguu yote miwili. Vita, haraka, na mikono ya mtu aliyempenda: Biblia inasimulia yote hayo bila neno moja la kumlaumu mlezi.

Konzo haina tiba ya kuirudisha miguu. Uchunguzi wa Michael Boivin, Désiré Tshala-Katumbay na wenzao, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha kwamba hata uwezo wa akili wa watoto huathirika, wakiwemo baadhi ya wanaotembea vizuri katika maeneo ya konzo. Kijiji kinaweza kushangilia kwamba hakuna mgonjwa mpya, huku waliokwisha kupooza wakisahauliwa nyuma ya nyumba.

Daudi hakumponya Mefiboshethi. Alimrudishia mashamba ya babu yake, akaweka watu wa kuyalima, akampa nafasi ya kudumu mezani. Huruma yake ilikuwa na shamba, wafanyakazi na kiti.

Ijumaa: Maswali ya Kujadili

1. Je, kuna tofauti kati ya kuwa chanzo cha madhara na kuwa na hatia? Jadilini mkifikiria mama wa Bandundu na mwenye nyumba wa Kumbukumbu la Torati 22:8.

2. Mafundisho ya afya hugeukaje kuwa hukumu juu ya wagonjwa? Darasa linaweza kufanya nini ili lisianguke hapo?

3. Katika eneo lenu, ni sumu gani inayojulikana na wenye elimu lakini haijulikani kwa wanaoila, kuinywa au kuivuta? Nani ana dari, na ukuta uko wapi?

4. Taja mtu mmoja jirani na kanisa lenu ambaye miguu yake imefungwa. Je, kiti chake kiko wapi? Njia ya kufika hapo inapitika?