Miaka Iliyoongezwa

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Je, mkate wa tini ulionyesha kwamba imani ya Hezekia ilipungua?

Hezekia aliomba, akalia, naye Mungu akamwahidi miaka 15. Ndipo Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ilitangulia, dawa ikafuata, wala mfalme hakuikataa.

Zamani, kupatikana na virusi vya UKIMWI kulihesabiwa kuwa hukumu ya kifo. Mwaka 2004 serikali ya Tanzania ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Leo anayeanza dawa mapema na kuzimeza kila siku anaweza kukaribia umri wa jirani yake asiye na virusi. Lakini dawa haziondoi virusi vyote mwilini. Akiziacha, huzaliana tena. Hata hivyo yuko muumini ambaye, akiisha kuombewa na kupata nguvu, huweka vidonge kando ili asionekane kumtilia Mungu shaka. Je, hiyo ni imani?

Mtazame mkulima wa Mapera, huko Mbinga. Huomba mvua, kisha hushika jembe na kuchimba ngoro, mashimo ya Wamatengo yanayozuia maji yasichukue udongo mteremkoni. Hakuna amwambiaye kwamba jembe linamkana Mungu. Wala ngoro hazichimbwi mara moja tu; hufanywa upya, na udongo hubaki. Kidonge cha kila siku ni jembe la namna hiyo.

Tena, miaka mingi ina madai yake. Anayezeeka na virusi anahitaji kupima shinikizo la damu, sukari na figo. Chakula bora, mazoezi na pumziko la Sabato vitamfaa, pamoja na dawa, si badala yake.

Soma Isaya 38:19 na 39:1–8. Hezekia alijua kwamba aliye hai hupaswa kuwafundisha watoto ukweli wa Mungu. Lakini aliwaonyesha wageni wa Babeli hazina zake. Kuongezewa miaka ni neema. Kuitumia vema ni uaminifu. Basi kanisa lisimhesabu mwenye virusi kama mtu anayeaga. Limkabidhi darasa la watoto, kwa maana huenda atawaona wakibatizwa, na hata wakioa na kuolewa.

Kwa kujadili: Ndugu akisema ameacha dawa kwa sababu ameponywa, darasa lenu litamsaidiaje arudi kliniki bila kumwaibisha wala kuidharau imani yake?