Huzuni ya Mama Mzazi: Je, Ni Upungufu wa Imani?



Mwanamke mjamzito, au aliyekwisha kujifungua, anapolia bila sababu ya kuonekana, akakosa usingizi hata mtoto alalapo, akachukia chakula na kujiona hafai, mara nyingi huambiwa: "Huna shukurani! Mungu amekupa mtoto, nawe walia?" Wengine husema imani yake imepungua. Yapasa tulipime neno hilo kwa mizani ya Qur'an Tukufu.

Sura Maryam, aya ya 23 mpaka 26, yatusimulia habari za Bibi Mariamu (a.s.). Uchungu wa kuzaa ulimpeleka penye shina la mtende, hali yu peke yake, akatamani lau angelikufa kabla ya hayo. Huyu ndiye aliyeteuliwa na kutakaswa na Mwenyezi Mungu! Ikiwa huzuni ya uzazi ni dalili ya imani haba, tutasema nini juu yake?

Tena litazame jawabu alilopewa. Hakukemewa, wala hakuambiwa atubu. Kwanza alitulizwa asihuzunike. Pili, alionyeshwa kijito cha maji na kuambiwa autikise mtende, tende mbivu zimwangukie, ale na kunywa. Tatu, aliamrishwa asiseme na mtu siku ile. Basi alipata neno la upole, riziki, na kinga ya ndimi za watu.

Sasa tuitazame Dar es Salaam. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi wa Sylvia Kaaya na wenzake juu ya wajawazito 787 waliofika katika kliniki mbili za mji huu. Karibu wanne katika kila kumi walikuwa na dalili za sonona, nyepesi au nzito. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliopata kuugua sonona zamani, wale wasiotoshelezwa na mahitaji ya lazima, na wale wenye ugomvi na wenzi wao. Mambo mawili kati ya hayo, uhitaji na ugomvi, ndiyo yaliyotibiwa pale mtendeni kwa riziki na neno la upole.

Mkaaji wa Jangwani hahitaji kufafanuliwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliharibu nyumba nyingi katika bonde la Msimbazi, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Mjamzito alalaye bondeni akisikiliza mvua hubeba mimba na hofu pamoja. Mumewe hushinda Kariakoo, na siku nyingine hurudi mikono mitupu. Zamani mama mzazi alikandwa maji ya moto na kupikiwa uji mpaka arobaini itimie. Leo, katika chumba cha kupanga, mama yake akiwa mkoani, ni nani atakayemkanda?

Mwili nao una sehemu yake. Baada ya kujifungua, vichocheo vya mwili hushuka kwa ghafla, na kukesha humdhoofisha mama. Wengi hulia siku za mwanzo, kisha hali hiyo hupita. Ikizidi wiki mbili, huo ni ugonjwa, nao una tiba.

Enyi waume, Sura Al-Baqara, aya ya 233, imeweka juu ya baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye. Naye Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani mwake. Basi kuchota maji na kumbeba mtoto usiku si aibu, ni Sunna.

Enyi mama wakwe na mawifi, zuieni ndimi zenu. Msimlinganishe mzazi na wengine. Mpokeeni mtoto, naye apate kulala.

Tena aelezwe muuguzi wa kliniki yale yaliyomo moyoni, si ya tumboni tu. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili haiko mbali na Jangwani, nayo ina matabibu wa maradhi haya. Mama akitaja kufa au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali saa ile ile. Sala haizuii dawa, kwani Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwahimiza watu kutafuta matibabu.

Mwenyezi Mungu awatulize mama zetu, na atujaalie sisi tuwe sababu ya utulivu wao, wala si ya machozi yao. Amin.