Sarafu za Kale, Zaka na Kodi



Tumeulizwa katika darsa suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, lakini ukilichimbua lina mizizi mirefu. Kijana wa Voi hukusanya sarafu na stempu za kale, akaziuza kwa njia ya mtandao kwa watu wa Ulaya na Marekani wapendao vitu hivyo. Auliza: Je, pato hili lamlazimu kulipa kodi ya serikali, au ni mchezo wake tu, na mali yake ni yake?

Asiyeijua nchi ya Taita Taveta huenda akastaajabu sarafu hizo zatoka wapi. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914 wakakaa hapo mpaka Machi 1916, na Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuwaelekea. Majeshi yalipita, na fedha zikapita pamoja nayo. Hata neno “hela” tulitumialo kila siku ni jina la sarafu ya Wajerumani. Baadaye zikaja shilingi zenye sura ya simba na senti zenye tundu katikati, na nyingi katika hizo zimelala mpaka leo ndani ya makasha ya mabibi zetu. Hela zilizopigwa Tabora mwaka 1916, Wajerumani walipoishiwa na sarafu kwa kufungiwa bahari, zina watu wazitafutao ulimwengu mzima. Basi kitu ambacho jana watoto walikichezea, leo kina bei.

Sasa tulitazame suala lenyewe. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi walikwisha kutenga zamani baina ya mali ya kuwekwa na mali ya tijara. Kitu hakiwi cha tijara ila kimepatikana kwa kubadilishana, kama kununua, na nia ya kukiuza kwa faida iwepo wakati ule ule wa kukipata. Aliyerithi kasha la bibi yake hawi mfanyabiashara kwa kunuia tu kuliuza. Lakini akiichukua thamani yake akanunua kwayo sarafu nyingine ili aziuze kwa faida, hapo tijara imeanza, na mwaka wa zaka waanza kuhesabiwa. Ukitimia, na mali imefika nisabu, atatoa fungu moja katika arubaini. (Na rupia ya fedha haiachi kuwa fedha kwa kutiwa ndani ya albamu. Mwenye nyingi na azipime, kwani nisabu ya fedha ni gramu 595 hivi.)

Ajabu ni kwamba sheria ya nchi yafuata njia iliyo karibu na hiyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya haikuishia kwa mwenye duka na leseni ukutani. Katika maana ya biashara imetia pia shughuli yoyote yenye sura ya biashara, ijapokuwa si kazi ya mtu ya kila siku. Basi wa kujibu kama ni mchezo au ni biashara ni yeye kijana mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye aliinunua sarafu ile kwa nia gani. Ikiwa huamka usiku kutazama bei, akanunua kwa mia tano ili auze kwa elfu tatu, kisha akaifanya faida kuwa rasilimali, basi neno “mchezo” ni la kumwambia mtu mwingine, si la kujiambia yeye.

Wala sheria haikumwendea kwa ukali kama watu wavumavyo. Kwa viwango vya mwaka 2023, ambaye pato lake lote la mwaka, baada ya kutoa gharama, halizidi shilingi 288,000, punguzo apewalo kila mtu hulifuta deni lake lote. Ambaye mauzo yake ya mwaka yamepita milioni moja na hayakuzidi milioni 25, hutozwa asilimia 3 ya mauzo. Na aliye katikati hulipa juu ya faida, si juu ya mauzo. Kwa hivyo wengi wa wauzao vitu hivi wana wajibu wa kuandika hesabu tu, na kuipeleka kabla ya mwisho wa Juni.

Wako wasemao: “Mimi natoa zaka, yatosha.” Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Surat at-Tawba, na barabara ya Mwatate si mmoja wao. Mwenye kuihesabu zaka badala ya kodi, au kodi badala ya zaka, amelipa deni la mtu mmoja kwa kumpa mtu mwingine.

Hoja iliyo nzito ni ya wale wasemao kwamba serikali ina wezi, na kwamba kuwapa ni kuwasaidia. Hoja hii haifai kudharauliwa. Wazee wetu walitozwa kodi ya kibanda tangu mwaka 1901 na serikali wasiyoichagua. Na leo watu wa Taita Taveta waona hifadhi za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yao, mapato ya watalii yaenda Nairobi, na ndovu waja kula mahindi. Pia yako maonyo makali katika hadithi za Mtume juu ya mtoza ushuru dhalimu. Imam an-Nawawi alimkatalia Sultani Baybars kuwatoza raia, na kabla yake Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, Wamongolia walipokuwa njiani kuja Misri, alimwambia Qutuz kwamba raia hawatozwi mpaka maamiri wamekwisha kutoa dhahabu na mapambo yao. Al-Ghazali na ash-Shatibi walijuzisha kodi, lakini kwa masharti: hazina iwe haitoshi, na haja iwe ya watu wote.

Lakini tuwatazame masheikh hao walifanya nini. Walisema mbele ya sultani. Hawakuwafundisha watu wa sokoni waandike hesabu mbili. Na sisi tuna mlango wa kusemea ambao wao hawakuwa nao: Katiba ya 2010 yasema kodi haitozwi ila kwa sheria, na kwamba mzigo wake ugawanywe kwa haki. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa Kenya waliupinga Mswada wa Fedha hadharani, wengine wakauawa, na tarehe 26 Rais akakataa kuutia sahihi. Huko ndiko kumkanya mtawala. Afichaye mauzo yake chumbani hakumkanya mtu, wala hapana waziri aliyepata kulala njaa kwa ajili yake.

Basi ni nani aumiaye? Mwalimu wa Wundanyi hukatwa kabla hajauona mshahara wake. Bibi wa Kaloleni anunuapo sabuni, ndani ya bei mna asilimia 16 ambayo hakuulizwa kama aipenda. Kaunti hupewa si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na katika hayo ndimo hospitali ya Moi hapa Voi ipatamo fungu lake. Huyu muuza sarafu za Tabora hupita barabara ile ile, humpeleka mtoto wake hospitali ile ile, na sehemu yake amemwachia bibi wa sabuni amlipie.

Liko jambo jingine ambalo watu walichukulia jepesi mno. Mnunuzi wa ng’ambo humwambia muuzaji: “Katika karatasi ya forodha andika ni zawadi, thamani dola tano,” ili asitozwe kwao. Muuzaji huandika, akatia sahihi yake pale Posta. Kisha kifurushi kipotee, ndipo utakapomwona akidai dola themanini! Kwa forodha chatano, kwa fidia chathemanini. Surat al-Mutaffifin ni ya watu wa mizani, na hapa mizani ni kalamu. Hata mwanachuoni asemaye kwamba kodi hii haimfungi Mwislamu hakujuzisha kuutilia sahihi uongo.

Limebaki la aliyekwisha kuficha kwa miaka, sasa ataka kusafisha mali yake. Wengine hutoa fungu wakalitia katika sanduku la msikiti, wakadhani wamemaliza. Haki ya watu ambayo mwenyewe ajulikana hurudishwa kwa mwenyewe. Sadaka ni kwa mali ambayo mwenyewe hapatikani, na hazina ya nchi yapatikana. Msamaha wa riba na faini uliotangazwa ulikwisha tarehe 30 Juni 2025, kwa hivyo huenda akatakiwa kulipa na ziada. Na akusanye hesabu zake za simu na za benki, mwaka kwa mwaka, aanze na ule wa kwanza aliouza, azipeleke, na aombe kulipa kwa mafungu ikiwa hana za kulipa mara moja.