Riwaya na Jasho la Mtumwa
Je, uzuri wa sanaa waweza kutenganishwa na mali iliyoilea? Katika riwaya ya Jane Austen iitwayo Mansfield Park, iliyotolewa mwaka 1814, Sir Thomas Bertram anaishi kwa fahari Uingereza, na sehemu ya mali yake yatoka Antigua, kisiwa cha mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Bunge la Uingereza lilikwisha kupiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini kisiwani humo utumwa wenyewe uliendelea hadi 1834. Fanny, binti alelewaye nyumbani humo, anapouliza juu ya biashara hiyo, wenzake wote wananyamaza. Kimya hicho ndicho somo letu. Tusiitupe riwaya hiyo, wala tusiisome kama wageni wa sebuleni. Tuisome pia kwa niaba ya wale wa shambani, ambao hawakupewa hata majina.